Vichupa Vitano vya Bwana Maabara

Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa na vidoti vyeusi kwenye ncha, vingi hata mgeni angedhani ni fundi cherehani anayejifunza kazi. Alijichoma mwenyewe. Kila alipootesha mkojo wa mgonjwa na wadudu wakaota, alijitoboa kidole, akachanganya tone la damu yake na maji ya chumvi, akaliweka kwenye kioo pamoja na wale wadudu, kisha akakitikisa kioo polepole huku amebana pumzi. Wadudu wengine walikaa humo bila habari na damu. Wengine waliishika, ikakatika vipande vidogo vidogo kama maziwa yaliyoharibika. Hao ndio aliowaogopa. "Huyu anashika," alituambia kupitia dirishani, na sisi wa wodini tulijua kwamba mgonjwa yule akicheleweshewa dawa, ugonjwa utapanda kutoka kwenye kibofu hadi kwenye figo.

Niliwahi kumwuliza kwa nini asitumie damu ya mbuzi, maana mbuzi walikuwa wakizurura hadi kwenye mlango wa jikoni. Akacheka. "Mbuzi hatafutwi, Sista. Mdudu huyu anatafuta mtu."

Sote tulimwita Bwana Maabara, kama mwingine anavyoitwa Bwana Shamba au Bwana Afya, na mimi sitamwita vingine hapa. Jina analo, na watoto wake bado wanaishi nalo. Kituo chetu cha afya nacho sitakitaja. Itoshe kujua kwamba kilikuwa bondeni Kilombero, mwendo wa gari kutoka Ifakara, kwamba karibu miaka yote ya tisini nilikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake pale, na kwamba kati ya wodi yangu na maabara yake palikuwa na hatua thelathini na kibaraza kimoja. Ninaandika kwa sababu kuna jambo tulilifanya wawili, na yeye hawezi tena kusimulia upande wake.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Hadubini ilikaa dirishani, ikitumia kioo chake kudaka mwanga wa jua, kwa hiyo siku za mawingu mazito alikuwa mkali na siku za jua alikuwa mtu wa utani. Ukimsalimia akiwa ameinamia hadubini hakuitikia. Wageni walimwona ana majivuno. Lakini akimaliza, hata ikipita nusu saa, alitoka na kukutafuta popote ulipo, ukiwa unafunga kidonda, ukiwa unakula: "Marahaba, Sista. Ulinisalimia."

Wanafunzi wa uuguzi walipokuja kwa mazoezi, aliwafundisha kwa mpunga.

"Mdudu wa mkojo mara nyingi ni huyu mmoja, anaitwa ekoli," aliwaambia. "Kila mmoja wenu anaye tumboni sasa hivi, na hamuumwi. Kwa nini wa yule mama pale wodini ameingia kwenye figo, na wa kwako ametulia?"

Wanafunzi wakaanza kufungua madaftari.

"Haya, nani kwao wanalima mpunga?" Mikono yote ikapanda, bondeni kwetu nani asiyelima. "Miche ya mpunga wa supa na miche ya mpunga mwitu, ukiiangalia imeota pamoja, utaitofautisha? Mpaka itoe masuke, siyo? Basi ekoli ni hivyohivyo. Kwenye kioo wote ni vijiti. Tofauti imo ndani, kwenye urithi wao. Mmoja amerithi kucha za kushikia figo, mwingine hakurithi. Mmoja amerithi kinga ya kuikataa dawa ya septrini, mwingine septrini inammaliza asubuhi tu. Jina moja, koo mbalimbali."

Alikuwa amesoma hayo chuoni, na mengine kwenye vitabu vilivyotufikia vikiwa vimechanika majalada. Vyombo vya kuuona huo urithi wenyewe hakuwa navyo. Alikuwa na damu yake, vikaratasi vilivyoloweshwa dawa ili aone ipi inamwua mdudu na ipi haimwui, na subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine.

Kuhusu majibu, hakuwa na undugu. Shemeji yake alimjia akiomba aandikiwe makohozi safi ili apokelewe kazi kwenye mashamba ya miwa. Bwana Maabara aliangalia, akaandika alichokiona, akampeleka mwenyewe kwa mkono hadi kwangu aanze dozi ya kifua kikuu. Shemeji hakukanyaga tena nyumbani kwake. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wetu wa kituo, aliwahi kumrudishia fomu akisema majibu hayalingani na ugonjwa aliouona yeye. Bwana Maabara alisogeza kiti hadi kwenye hadubini. "Karibu, daktari. Wewe unakisia, mimi naangalia. Njoo uangalie." Mganga aliinama, akaangalia kwa muda mrefu, akainuka, akaondoka na fomu yake. Tulilicheka hilo wiki nzima.

Kitu kilichomkera kuliko vyote ni fomu isiyo na kijiji. Aliirudisha yeye mwenyewe hadi mezani kwangu: "Sista, huyu hana kwao?" Kwenye kitabu chake kikubwa kila mgonjwa alikuwa na jina, umri, kijiji, na jina la balozi wa nyumba kumi. Aliamini kwamba ukoo wa mdudu nao una kwao, kama watu. Wadudu waliomshangaza aliwahifadhi kwenye vichupa vyenye rojo ya kuoteshea, akavipanga kwenye jokofu la mafuta ya taa, na juu ya kila kichupa akaandika mahali: Lumemo, Mlabani, Mchombe. Jina la mgonjwa hakuliandika. Alisema jina la mtu ni siri lakini kijiji chake ni elimu. Sote tuliona ni utaratibu mzuri, na mimi niliusifu kwa wageni.

Sasa niseme na ubaya wake. Alikuwa na shamba la mpunga Mchombe, na mwaka mmoja, mpunga ukiwa umebeba, ng'ombe wa wafugaji wa Kisukuma waliingia wakaulaza wote. Hakulipwa hata debe. Tangu hapo mtu yule aliyekataa kusema lolote kabla ya kuangalia alikuwa na jambo moja analolisema bila kuangalia. Mfugaji akija maabara alimpa kiti, akamwita baba, akamweleza majibu yake kwa heshima zote. Akitoka tu, Bwana Maabara alifuta kile kiti. "Hawa na mifugo yao watalimaliza bonde," alisema. Nami, mtoto wa Mahenge, ambaye wazee wangu pia walihamia hapa wakitafuta mashamba, niliitikia kwa kichwa. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Masika moja, ndani ya miezi miwili, alipata wadudu watano waliomnyima raha. Wote walishika damu yake. Wote walikataa septrini na ampisilini, na vipimo vyake vyote vilitoka sawa, kama vile mtu mmoja amerudia kuandika barua ileile. Vichupa vitatu aliviandika Mchombe, kimoja Lumemo, kimoja Mlabani. Huyo wa Mlabani alikuwa na shamba Mchombe, na mama wa Lumemo alikuwa na dada aliyeolewa hukohuko. Bwana Maabara akapata hesabu yake: mdudu wa mkojo hutoka tumboni kwa mtu mwenyewe, tumboni aliingia na maji, na maji ya Mchombe yanakanyagwa na ng'ombe.

Wa tano kati yao alikuwa mke wa mfugaji mwenye makazi nje kidogo ya Mchombe. Mwezi uliotangulia alijifungulia kwetu, uchungu wa siku mbili, mtoto akatoka amekwisha kufa. Hakuweza kukojoa mwenyewe, tukamwekea mpira wa mkojo kwa siku sita. Akapata nafuu, akarudi kwake. Kisha mumewe akamleta tena kwenye baiskeli, amemfunga kwa khanga asianguke, anatetemeka, mgongo ukiguswa analia. Vikaratasi vya dawa vilionyesha sindano ambayo ingemfaa. Stoo yetu haikuwa nayo. Gari lilitumwa Ifakara, likakwama kwenye tope, na liliporudi nilikuwa nimekwisha kumfumba macho yule mama.

Mumewe alikaa kibarazani muda mrefu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyeinua sauti. Bwana Maabara alipopita akamshika mkono.

"Mzee, nini kimemwua mke wangu?"

Bwana Maabara akakaa karibu naye. "Baba, maji mnateka wapi?"

"Kisimani. Nilichimba mwenyewe, kiangazi kilichopita."

"Na ng'ombe wananywa wapi?"

"Hapohapo karibu."

"Basi mdudu aliyemwua katoka hapo. Kisima hicho kifukie, baba. Usimnyweshe tena mtu."

Alisema kwa huruma, namshuhudia. Hakuwa akimkomoa. Aliamini kila neno. Mfugaji alimshukuru, akaenda akazika, na baada ya maziko akakifukia kile kisima kwa mawe na udongo. Kuanzia siku ile maji ya nyumba yake yalichotwa mtoni, na aliyekwenda kuchota ni binti yake, wa miaka kumi na miwili hivi. Kila mtu wa bondeni anajua mto wetu una nini. Lakini maji ni lazima yaletwe.

Mwaka uleule alipita mtafiti mmoja mwanamke kutoka ng'ambo, akavutiwa na lile jokofu. Bwana Maabara alimpa vile vichupa vitano kwa shida, kama mtu anayeozesha binti. Mwanamke akaviweka kwenye sanduku la barafu, akaondoka navyo. Tukasahau.

Bahasha ya yule mtafiti ilikuja baada ya karibu mwaka. Bwana Maabara aliileta wodini kwangu mchana, akakaa kwenye kitanda kitupu, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya kwa sababu alisema vitanda vya wagonjwa si viti. Ndani mlikuwa na barua na picha. Picha ilikuwa na safu tano, na kila safu ilikuwa na vistari vyeusi vilivyopangana kutoka juu hadi chini.

"Wameutoa uzi wa urithi wa kila mdudu," alinieleza, sauti yake chini kabisa. "Wameukata vipande. Wamevipitisha kwenye rojo kwa umeme, vifupi vinakwenda mbali, virefu vinabaki nyuma. Koo mbili tofauti haziwezi kupangana sawa. Sasa angalia."

Niliangalia. Nilitafuta tofauti kutoka safu ya kwanza hadi ya tano, nikarudia. Hapakuwa na tofauti.

"Si wadudu watano," akasema. "Ni mmoja. Maji ya bonde zima yangeleta koo kumi. Huyu ni mmoja, ametoka sehemu moja, ndani ya muda mfupi. Yule mtafiti ameniuliza swali moja tu kwenye barua: wagonjwa hawa walikutana wapi?"

Hapo ndipo alipoulaani utaratibu wake. Kitabu chake kilijua kila mgonjwa kwao ni wapi, nani balozi wake. Hakikuwa na mahali pa kuandika amelala wapi. "Nipe kitabu chako cha wodi, Sista," akaniambia.

Tulikifungua pamoja. Wa kwanza alilala kwangu siku nane, ana mpira wa mkojo. Wa pili aliingia kabla wa kwanza hajatoka, kitanda cha pili yake. Wa tatu, wa nne, hivyohivyo, kila mmoja na mpira wake. Wa tano ni mke wa mfugaji. Wote walikwenda kwao wazima, na homa ikawakuta huko nyumbani wiki chache baadaye, kila mmoja kijijini kwake. Kwa hiyo hakuna aliyewaweka pamoja. Walipita kwangu wanawake wa bonde zima, ningeliona wapi la ajabu?

"Mkojo wa kwenye mifuko ya mipira unaumwagia kwenye nini?" akauliza.

Nikamletea jagi. Nilikuwa na jagi moja tu la plastiki lenye mistari ya kipimo, na nililipenda. Wauguzi wa zamu nyingine walikisia kwa macho, mimi nilipima mkojo wa kila mama asubuhi na jioni, nikaandika. Mganga alinisifu kwa hilo mbele ya wenzangu. Nilipita nalo kitanda hadi kitanda, nikilisuuza kwa maji ya bomba kati ya mgonjwa na mgonjwa, na mdomo wa jagi ukigusa mdomo wa kila mfuko. Bwana Maabara alifuta ukingo wake kwa kijiti chenye pamba, akaenda kuotesha.

Siku ya pili yake hakusema kupitia dirishani. Alikuja hadi niliposimama. "Anashika," alisema. Nikaendelea kukunja mashuka ambayo yalikuwa yamekwisha kukunjwa.

"Kisima cha yule mtu kilikuwa kizima," akasema. "Jumamosi nakwenda kumwambia."

Lakini kwanza alikwenda nami kwa mganga mfawidhi, maana ndio utaratibu. Mganga alisikiliza hadi mwisho. Wakaguzi walikuwa njiani, kituo chetu kilikuwa kikipimwa kama kiendelee kuzalisha au la. "Mkitoka na maneno hayo sasa hivi," akasema, "wodi inafungwa, na wanawake wa huku watajifungulia barabarani. Hilo unalitaka?" Hakuwa mtu mbaya. Alichosema kilikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana kilituingia.

Hata hivyo Bwana Maabara angekwenda tu Jumamosi ile. Aliyemzuia ni mimi. Ijumaa, baada ya Misa ya jioni, nilikwenda nyumbani kwake, nikampigia magoti sebuleni, mkewe akiona. Nilikuwa na watoto watatu na mume asiye na kazi. Jagi lilikuwa langu, jina lingekuwa langu. Nilimwomba angoje wakaguzi wapite. Wiki tatu tu.

"Wiki tatu ni nyingi, Sista," alisema.

"Kisima kimefukiwa mwaka na zaidi, Bwana Maabara. Wiki tatu zitaongeza nini?"

Alivitazama vidole vyake. Kisha akaniambia niinuke.

Jagi nililichoma moto nyuma ya jiko. Nikatafuta chupa, moja kwa kila kitanda, nikaziandika namba, na tangu siku ile hakuna mama aliyerudi na mdudu yule. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linanisaidia.

Wiki ya tatu haijaisha, binti wa mfugaji alishikwa na mamba. Wanawake waliokuwa wakifua upande wa chini walisikia kelele mara moja. Ndoo ilibaki ukingoni, imejaa. Baba yake na majirani, wafugaji na wakulima pamoja, walishinda mtoni siku mbili na mikuki na makasia, na walichokipata walikizika kwa kukifunga kwenye shuka. Habari ilinifikia wodini nikiwa nampima mama presha. Nilimaliza kumpima. Sikumbuki niliandika nini.

Wakaguzi walikuja kesho kutwa yake. Waliisifu wodi yangu kwa usafi.

Bwana Maabara hakunilaumu hata kwa jicho, na hilo lilikuwa gumu kuliko matusi. Aliendelea na kazi, lakini aliacha kujitoboa. Wadudu wakiota aliandika jina, dawa inayofaa, basi. Nilimwona siku moja na rula na kalamu nyekundu, anachora mstari mpya kwenye kila ukurasa wa kitabu chake, kurasa zilizobaki zote, na juu yake ameandika: Amelala wapi. Alipofika umri wa kustaafu hakungoja sherehe. Alikabidhi funguo, akahamia shambani kwake Mchombe. Kama aliwahi kwenda kwa yule mfugaji, sikujua, na sikuthubutu kuuliza. Nilikuwa naogopa majibu ya aina zote mbili.

Miaka ile ya tisini ikielekea mwisho, mkewe alinitumia salamu na mtu wa baiskeli. Mzee ana tezi dume, hawezi kukojoa, amewekewa mpira Ifakara na muda wa kuubadilisha umefika, naye amekataa mtu mwingine yeyote ila mimi.

Nilimkuta kitandani, mwembamba, mashavu yameingia, ana homa. Nilimwamkia. Safari hii aliitikia papo hapo. Nilipotoa vifaa, aliomba avione kimoja kimoja. Aliuliza vimechemshwa dakika ngapi, na nani, na kama nilikuwepo. Nikajibu. Nikanawa, akaniambia ninawe tena, nikanawa tena. Mkojo kwenye mfuko ulikuwa mzito, na nilipoubonyeza mgongo wake ubavuni alifumba macho. Sikuhitaji hadubini, na yeye pia.

"Ameshapanda hadi figoni," alisema.

"Twende hospitali, Bwana Maabara. Zipo sindano siku hizi."

"Tutakwenda. Kaa kwanza."

Nilikaa. Mkewe alikuwa nje anapepeta mpunga, tuliusikia ungo.

"Nilikwenda kule," akasema. "Siku ya pili ya msiba wa binti. Hukuniuliza hata siku moja, lakini nilikwenda."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia kisima chake kilikuwa kizima. Nikamwambia mdudu alitoka kwetu, kituoni. Nilimwambia na jinsi tulivyojua, picha, safu, kila kitu. Alisikiliza. Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja: Mzee, umejua lini?"

Aliomba maji, nikamnywesha.

"Nikamwambia: jana."

Niliweka kikombe chini.

"Nilikuwa nimejiandaa kusema wiki tatu. Njia nzima nilikuwa naisema. Alivyonitazama, nikaona nikisema wiki tatu ataanza kuhesabu kila siku binti alivyoshika ndoo. Ulimi ukasema jana. Akaniamini, Sista. Akanichinjia kuku, mtu mwenye msiba mara mbili. Nikala." Alijaribu kuinuka, akashindwa. "Miaka yangu yote sijaandika jibu nisiloliona. Hilo moja tu. Mimi miguu haipo tena. Nenda wewe ukamwambie zilikuwa wiki tatu, na aliyeziomba ni nani. Asiishi na jibu la uongo kutoka kwangu."

"Nitakwenda," nikasema.

"Sema kwa Mungu."

"Kwa Mungu, nitakwenda."

Tulimpeleka hospitali. Sindano zilikuwepo, na hazikutosha. Alizikwa Mchombe wakati watu wakivuna, na wengi walikuja makaburini na mundu mikononi.

Nilingoja arobaini ipite, kisha nikachukua baiskeli. Njia nzima nami niliyasema yale maneno, wiki tatu, mimi ndiye niliyeziomba. Nilimkuta mfugaji anarekebisha ua wa zizi. Nywele zilikuwa zimeota mvi. Alinitambua nikiwa bado mbali, akaja kunipokea baiskeli.

"Mwangaluka, Sista! Karibu, karibu." Alinisalimu kwa Kisukuma, akamwita mkewe, mke mpya, alete kigoda. Mtoto mdogo wa kiume alikuja akanishika sketi, baba yake akamwambia aniamkie.

Nikamwambia Bwana Maabara amefariki.

Akavua kofia. Alisimama hivyo, ameishika kifuani.

"Yule mzee alikuwa mtu wa kweli," akasema hatimaye. "Watu wa ofisi wangenificha mpaka leo. Yeye alijua leo, kesho yake amefika hapa kwa miguu kuniambia. Mimi hilo ndilo lililonifanya nisiwachukie watu wa huku. Nilikuwa nimeshapanga kuondoka, Sista, nirudi kwetu na uchungu wangu. Nikasema, kama wapo watu wa namna ile, nakaa." Akanitazama machoni. "Au mimi nakosea? Wewe ulifanya naye kazi."

Mtoto alikuwa bado ameishika sketi yangu.

"Hukosei, baba," nikamwambia. "Alipojua tu, alikuja."